Uhuru na Jicho la Shaka

Wahenga walinena kwamba asiyekujua hakuthamini. Aghalabu methali hii hutumiwa pale mtu anapodharauliwa na mgeni asiyejua hadhi yake. Lakini, ndugu msomaji, tuseme nini iwapo huyo asiyekujua ni nchi yako mwenyewe, ambayo wimbo wake unauimba shuleni kila bendera inapopandishwa?

Swali hili si la mzaha. Kwa miaka mingi watu wa kaskazini mwa Kenya, wanapofunga safari ya Nairobi, wamekuwa wakisema kwamba “wanakwenda Kenya”. Kauli hiyo huwachekesha wasioifahamu, na pengine huwakera wanaoiona kuwa ni utovu wa uzalendo. Mimi naiona kuwa ni ushahidi. Maneno ya watu huhifadhi historia ambayo vitabu vimeisahau, na mja hawezi kusema kwamba anakwenda mahali alipo isipokuwa amefundishwa, kwa muda mrefu na kwa vitendo vingi, kwamba hapo alipo si mahali penyewe.

Tuutazame mji wa Bute. Uko kaskazini mwa Wajir, si mbali na mpaka wa Ethiopia, na wakazi wake huzungumza Kiborana na Kisomali kabla ya kujifunza Kiswahili na Kiingereza darasani. Kaunti ya Wajir yenyewe ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikijumlishwa, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta humo wakazi 781,263. Hata hivyo, muulize mwanafunzi wa kidato cha nne katika shule ya kusini mwa nchi anajua nini kuhusu eneo hilo. Yamkini atakutajia ukame, ngamia na bunduki. Hajawahi kufika huko. Ameazima macho ya wengine, nao pia waliyaazima kwa waliowatangulia.

Baadhi yetu hudhani kwamba mtazamo ni jambo la moyoni tu, kwamba mtu akiniona vibaya hasara ni yake. La hasha! Mtazamo ukikaa kwa wenye mamlaka huwa sheria, kizuizi cha barabarani na bajeti. Ukoloni wa Kiingereza uliitazama kaskazini kama ukuta wa kuzilinda nyanda za juu walizokalia walowezi. Kwa hiyo, chini ya Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya mwaka 1902 na nyingine iliyofuata mwaka 1934, eneo lililoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini lilifungwa. Watu walizuiwa kuingia na kutoka bila kibali. Nchi moja ikawa na vyumba viwili, na mlango wa katikati ukatiwa kufuli.

Uhuru ulipokaribia, tume iliyotumwa mwaka 1962 ilikuta kwamba wengi katika sehemu zinazokaliwa na Wasomali walitaka kuungana na Somalia. Matakwa hayo hayakukubaliwa. Desemba 1963, siku chache tu baada ya bendera mpya kupandishwa, hali ya hatari ikatangazwa huko, na vita vilivyoitwa vya shifta vikaendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Vita vilikwisha, lakini hali ya hatari haikuondolewa hadi mwaka 1991. Tafakari jambo hili, ewe mwanafunzi wa historia: mtoto aliyezaliwa Bute katika mwaka wa uhuru alikuwa na umri wa miaka 28 alipoanza kuishi chini ya sheria za kawaida za nchi yake. Wenzake wa sehemu nyingine walikuwa wamezoea uhuru kiasi cha kuulalamikia.

Fauka ya hayo, neno “shifta”, ambalo maana yake ni jambazi, lilitoka kwa waliobeba silaha likawaangukia hata wachungaji na wauza maziwa. Nao Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza kwamba fedha za maendeleo zitumike kwanza pale penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, ambapo zingezaa haraka. Kimahesabu hoja hiyo ilionekana kuwa ya busara. Lakini kwa mkazi wa Wajir maana yake ilikuwa kwamba shule, hospitali na barabara zingefika mwisho, zikifika. Kisha, baada ya miongo kadhaa, watu wale wale waliocheleweshewa shule wakaambiwa kwamba hawapendi elimu!

Yakafuata mengine mazito zaidi. Februari 1984, wanaume walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, na wengi wakauawa. Kwa miaka mingi serikali ilisema waliokufa ni 57. Manusura walitaja idadi kubwa mno kuliko hiyo, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililiandika tukio hilo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Mwishoni mwa mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walitakiwa kupigwa msasa na kubeba kadi ya pekee, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho, kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Hakuna jamii nyingine iliyotakiwa kufanya hivyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nitaulizwa: je, hayo hayakupita? Hakika, mengi yamebadilika, na mwandishi mwadilifu hana budi kukiri mema kama anavyoyataja maovu. Katiba ya mwaka 2010 inasema waziwazi kwamba kila raia ana haki ya kupata hati za kumtambulisha, na kwamba kila mtu ana uhuru wa kwenda atakako. Ugatuzi ulioanza mwaka 2013 ulileta serikali karibu na watu. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali kwa dhuluma zilizopita. Na tarehe 5 Februari 2025, akiwa mjini Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kukomesha msasa wa ziada waliokuwa wakipigwa vijana wa kaunti za mpakani kila walipoomba vitambulisho.

Mapokezi ya tangazo hilo yanafaa kuchunguzwa. Kaskazini lilipokewa kwa vigelegele. Kwingineko walijitokeza waliosema kwamba mlango umefunguliwa kwa wageni na kwa magaidi. Sipuuzi hofu ya usalama. Nchi iliyozika watu 148, wengi wao wanafunzi, waliouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 haiwezi kuambiwa kwamba hofu yake ni ya kubuni. Lakini tujiulize swali la haki: kwa nini kijana wa sehemu nyingine ahesabiwe kuwa raia hadi ithibitishwe vinginevyo, ilhali kijana wa Bute ahesabiwe mgeni hadi athibitishe uraia wake mbele ya kamati ya wazee, chifu na maafisa? Huo ndio ukale unaosalia baada ya sheria kubadilika. Kalamu hufuta kifungu cha sheria kwa dakika moja, lakini jicho lililozoea kushuku halifutiki kwa wino.

Wala tusidhani kwamba hasara ya jicho hilo ni ya heshima peke yake. Asiye na kitambulisho akitimiza miaka 18 hawezi kupiga kura, kufungua akaunti ya benki, kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kuomba mkopo wa masomo ya chuo kikuu. Kuna Wakenya wa kaskazini mashariki ambao, wakati wa njaa, walijiandikisha kama wakimbizi katika kambi za Dadaab ili wapate chakula na matibabu. Wengine walikuwa watoto walioshikwa mkono na wazazi wao. Walipokua na kuomba vitambulisho, alama za vidole vyao ziliwasaliti: mashine iliwatambua kuwa wakimbizi, na ombi likakataliwa. Njaa ya utotoni ikageuka kuwa kosa la utu uzima.

Je, jicho la shaka haliwezi kutibiwa? Linaweza, na dawa yake imepatikana huko huko tunakokudharau. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wajir zilipigana vibaya, kiasi kwamba hata sokoni mwanamke hakuthubutu kununua kwa mwenzake wa ukoo mwingine. Mwaka 1993 kikundi kidogo cha wanawake, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, walianza kukutana na kuzungumza. Walianzia pale pale sokoni, wakisimamia kwamba kila mwanamke awe huru kuuza na kununua bila kuulizwa ukoo wake. Kutoka hapo waliwafikia wazee, vijana na maafisa wa serikali, na mwaka 1995 ikaundwa kamati ya amani na maendeleo ya Wajir, ambayo mfano wake uliigwa katika wilaya nyingine. Mwaka 2007 Dekha alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2011. Hakuwa na jeshi wala wizara. Aliwafanya watu watazamane upya, na baada ya kutazamana upya wakaweza kuishi upya.

Mfano wa pili unamhusu mwalimu. Novemba 2014, basi lililotoka Mandera lilitekwa, na abiria 28 wasiokuwa Waislamu wakatengwa na kuuawa. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Desemba 2015, basi lingine lilisimamishwa karibu na El Wak na wauaji wale wale wa itikadi moja, wakawaamuru abiria wajitenge kwa dini. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwafunika wenzao Wakristo kwa mitandio yao, na mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Mandera, alipigwa risasi. Alifariki Januari 2016. Wauaji walitaka abiria waonane kwa jicho la makundi mawili. Abiria wakaamua kuonana kama wasafiri wa chombo kimoja. Naamini hakuna somo la uraia lililofundishwa kwa gharama kubwa zaidi ya hiyo.

Lakini haki inatudai tuseme pia kwamba jicho la shaka hutazama kutoka pande zote mbili. Mwalimu kutoka Kakamega au Machakos anayepangiwa kazi kaskazini naye huitwa mgeni, na kuna wakati ugeni huo ulimgharimu maisha. Walimu waliuawa Qarsa, katika kaunti ya Wajir, Februari 2018, na watatu wengine wakauawa Kamuthe, katika kaunti ya Garissa, Januari 2020. Wenzao wengi walihamishwa, na watoto wakabaki na madawati bila mwalimu. Nani atawalaumu walioondoka? Hata hivyo, hesabu yake ni chungu: mtoto wa Bute asiyefundishwa leo ndiye kijana atakayesemwa kesho kwamba hajui kitu. Kwa hiyo wazee, maimamu na vijana wa huko wana wajibu ambao hakuna serikali inayoweza kuwatimizia, nao ni kumfanya mwalimu aliyekuja kutoka mbali awe mwana wa nyumbani, ambaye kijiji kizima kinajua alipolala na kinauliza asipoonekana.

Wapo wanaodai kwamba watu wa kaskazini wangoje nyoyo za wenzao zibadilike kwanza, ndipo haki zifuate. Sikubaliani nao. Haki ya raia haingoji kupendwa. Kitambulisho kitolewe leo kwa mujibu wa katiba, hata kama karani anayekitoa bado ananung'unika. Lakini pia tusidanganyike kwamba tukishapata kitambulisho tumemaliza kazi. Kadi humwezesha mtu kupita kizuizini. Haiwezi kumzuia askari kumwuliza mara mbili, wala kumzuia mwenye nyumba Nairobi kumwambia kwamba chumba kimekwisha pangishwa. Sheria hufungua mlango, na mtazamo huamua kama anayeingia atakaribishwa kiti.

Kazi hiyo ya pili ni ya walimu na wanafunzi kuliko watu wengine wote. Mwalimu wa historia asiishie kwenye harakati za uhuru za nyanda za juu. Afundishe pia kwamba kuna Wakenya walioungoja uhuru huo hadi mwaka 1991. Mwalimu wa jiografia asiseme tu kwamba kaskazini ni kukame. Aeleze ufugaji wa kuhamahama ulivyo elimu ya kuisoma mvua na malisho. Mwalimu wa Kiswahili naye amkumbuke mwanafunzi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu, asimcheke matamshi, maana kwa kicheko kimoja cha darasani anaweza kumfungia mtoto nchi nzima.

Nanyi wanafunzi mlio Bute, Wajir na Garissa, msingoje kuandikwa na wengine. Waulizeni babu na nyanya zenu yaliyopita wangali hai, mwandike majina ya visima, njia za mifugo na siku za furaha na za msiba. Asiyejieleza huelezwa, na aliyeelezwa na wengine hupewa sura wanayoitaka wao. Mkiandika kwa ukweli, bila chumvi wala kinyongo, mwenzenu wa Kisumu au Nyeri atakayesoma atapata macho yake mwenyewe, hatahitaji tena kuazima.