Kinachovuruga saa ya kiangulio cha mayai

MKULIMA wa Mukuyuni, Kaunti ya Makueni, anayetegemea betri ya sola kuangua vifaranga wa kienyeji huhesabu siku 21 tangu mayai yaingie mashinani. Mashine isipohesabu sawasawa, kreti nzima ya mayai huweza kuharibika ilhali taa inawaka na feni inazunguka.

Mafundi wengi vijana wanaounda viangulio hivi nyumbani hulaumu waya au betri kwanza. Mara nyingi tatizo limo ndani ya mikrokontrola, ile chipu ndogo inayoamua taa iwake kiasi gani na mayai yageuzwe lini.

Chukua mfano wa Arduino Uno, kibao kinachotumiwa sana na wanafunzi. Chipu yake, ATmega328P, hupiga mapigo milioni 16 kwa sekunde. Ndani yake mna vihesabio vitatu viitwavyo taima. Taima ya kwanza, inayoitwa namba sifuri, husogea hatua moja kila mapigo 64, na baada ya hatua 256 huanza upya. Mzunguko mmoja basi huchukua milisekunde 1.024.

Mzunguko huo hufanya kazi mbili. Kwanza, huwasha na kuzima umeme wa taa kwa mbinu ambayo mafundi huiita PWM: taa ikiwashwa kwa nusu ya mzunguko, hupata nusu ya nguvu, na hivyo joto huweza kushikiliwa karibu na digrii 37.5. Pili, hutoa kikatizi. Hiki ni kama kengele ya shule. Ikilia, programu huacha ilichokuwa ikifanya, huongeza hesabu ya saa, kisha hurejea ilipoachia.

Hapo ndipo makosa huanzia. Fundi anayeandika kikatizi chake mwenyewe huchukulia kwamba mzunguko ni milisekunde moja kamili. Sehemu hiyo ndogo ya 0.024 inaonekana si kitu, lakini kwa siku 21 saa ya mashine hubaki nyuma kwa karibu saa 12. Mayai yanayopaswa kuacha kugeuzwa siku ya 18 huendelea kugeuzwa kwa saa 10 zaidi, wakati kifaranga anajipanga kutoka.

Kosa jingine hutokana na kelele. Feni inayoendeshwa kwa PWM ya mapigo 976 kwa sekunde hulia kama mbu, na fundi huondoa kero hiyo kwa kubadilisha kigawanyo cha taima kutoka 64 hadi 1. Feni hunyamaza. Lakini saa nayo hukimbia mara 64, na siku moja ya mashine huisha kwa dakika 22 na nusu! Dawa ni kuhamishia feni kwenye mguu wa 3 au wa 11, unaotumia taima namba mbili, na kubadilisha kigawanyo cha hiyo pekee.

Anayetumia mota ya servo kugeuza mayai ajue pia kwamba maktaba ya kawaida ya servo huteka taima namba moja, na miguu ya 9 na 10 hupoteza PWM. Taa ya joto isifungwe hapo. Joto la kupita kiasi huua viini upesi kuliko baridi ya muda mfupi.

Aidha, wapo wanaosoma kipimajoto ndani ya kikatizi. Kipimajoto cha DS18B20 kinaweza kuhitaji milisekunde 750 kutoa jibu. Programu ikisubiri humo, mizunguko zaidi ya 700 hupita na chipu hukumbuka mmoja tu. Kikatizi kiweke alama tu. Kazi nzito ifanywe nje yake.

Kisha kuna chipu tupu, zinazouzwa bila kibao katika maduka ya vifaa vya elektroniki kama yale ya Barabara ya Luthuli, Nairobi. Chipu mpya ya aina hii hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa mapigo milioni moja tu kwa sekunde, hivyo programu iliyoandikiwa milioni 16 huenda polepole mara 16.

Kutambua kosa ni lipi hakuhitaji osiloskopu ya bei ghali. Andika programu iwashe taa ndogo kila baada ya dakika 10, kisha pima kwa saa ya simu. Ikichelewa kwa sekunde 14, mzunguko umehesabiwa kuwa milisekunde moja. Ikiwaka kila sekunde tisa hivi, kigawanyo kimeguswa. Ikichukua saa mbili na dakika 40, chipu ingali na mpangilio wa kiwandani. Jaribio hili lifanywe kabla ya yai la kwanza kuingizwa.