Vihami Viwili na Mpaka Upitishao Umeme

Wekundu wa udongo katika sehemu nyingi za Handeni hutokana na oksaidi za chuma. Huko Kalalani, Wilaya ya Korogwe, wachimbaji hupata yakuti, ambayo ni fuwele ya oksaidi ya alumini. Yakuti safi haina rangi, wala haipitishi umeme, kwa kuwa elektroni zake zimeshikwa imara. Lakini atomu chache za chuma na titani zikiwamo ndani yake, mwanga huweza kuihamisha elektroni kutoka atomu ya chuma hadi atomu jirani ya titani. Mwanga wa manjano na mwekundu hufyonzwa, na jiwe huonekana la samawati.

Ujirani wa atomu, basi, huweza kubadili tabia ya oksaidi. Jambo hilo lilidhihirika kwa namna nyingine mwaka 2004, wakati wanasayansi Akira Ohtomo na Harold Hwang walipotangaza jaribio lao. Juu ya fuwele ya oksaidi ya stronti na titani, waliotesha utando mwembamba wa oksaidi ya lanthani na alumini. Kila moja peke yake ni kihami; hata hivyo, mpaka wa kukutana kwake ulipitisha umeme vizuri.

Je, elektroni hizo zilitoka wapi? Maelezo ya kwanza ni haya: katika utando ule, tabaka la chaji chanya hufuatwa na tabaka la chaji hasi, ilhali matabaka ya fuwele iliyo chini hayana chaji. Kadiri utando unavyonenepa, ndivyo volteji ndani yake inavyozidi, hadi baadhi ya elektroni husogea mpakani na kuipunguza. Vipimo vya mwaka 2006 viliyaunga mkono maelezo hayo: utando wa vizio vitatu vya fuwele haukutosha, bali wa vizio vinne ulitosha. Tena, ule wa vizio vitatu uliweza kuwashwa na kuzimwa kwa volteji, mithili ya swichi.

Maelezo ya pili husema kwamba atomu za oksijeni zinapokosekana katika fuwele, huacha elektroni huru. Kwa kweli, kiasi cha oksijeni kilichokuwapo wakati wa kuotesha utando hubadili sana matokeo. Kwa hiyo mtafiti hana budi kuzipima sababu zote mbili.

Mwanafunzi huzoezwa kuvigawa vitu katika orodha mbili, vipitishi na vihami. Mgawanyo huo ni wa manufaa, lakini hautoshi: yafaa pia kuuliza kitu hicho kimepakana na nini.