Sanamu ya Chuo Kikuu: Mchongaji Asome Mkataba Kabla ya Kutia Sahihi

Jiwe la Tabaka limefika mbali. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka aliyesomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Makerere, ndiye aliyechonga sanamu ya ndege wa amani iliyo katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Nyumbani, Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2013, na bewa la chuo ni mahali panapofaa sanamu kubwa ya umma.

Kazi hiyo ni tofauti na vinyago vya sokoni. Kinyago huchongwa kwanza, kisha mnunuzi akatafutwa. Sanamu ya chuo huanza na mkataba, na gharama huja mapema: kupata jiwe lisilo na ufa kutoka timboni, kulisafirisha, na kujenga msingi wa kulibeba. Ndipo panga, patasi, msasa na nta hufuata.

Jambo ambalo mchongaji hapaswi kulipuuza ni hakimiliki. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zikubaliane vinginevyo. Mkataba usipotaja lolote, chuo kinaweza kutumia picha ya sanamu kwenye kalenda au fulana bila kumlipa mchongaji. Naye akichonga nakala ndogo za sanamu hiyohiyo ili auze, anaweza kujikuta taabani.

Hata hivyo, mchongaji hubaki na haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, na ya kupinga kazi yake ikiharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima.

Kwa hiyo, mkataba ueleze wazi:

• Nani atamiliki hakimiliki, na iwapo mchongaji anaruhusiwa kuuza nakala.
• Malipo ya awali ya jiwe na usafiri, na tarehe ya kumaliziwa yaliyosalia.
• Jina la mchongaji litaandikwa wapi kwenye sanamu.
• Nani ataitunza, kwa kuwa jiwe hili ni laini na hukwaruzika upesi.

Usajili wa kazi za sanaa hufanywa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO). Asiyeelewa kifungu chochote aombe afafanuliwe kabla ya kutia sahihi. Baada ya hapo, kukibadilisha ni vigumu.