Hadaa ya Mbili kwa Moja

Kila mwaka, zinapochapishwa hesabu za kampuni ambazo hisa zake huuzwa katika masoko ya Dar es Salaam na Nairobi, hunijia wanahisa, viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, na wafanyabiashara wanaotaka kuwauzia wenzao kwa mali kauli, na wote, kana kwamba wamefundishwa na mwalimu mmoja, huniuliza suala lile lile: je, uwiano wa kampuni hii umetimia mbili kwa moja? Wakiambiwa umetimia, hukunja karatasi zao wakaenda zao nyoyo zimetua. Wakiambiwa haukutimia, hushtuka wakataka kuuza hisa kabla jua halijachwa. Nimelijibu suala hili kwa upole miaka mingi, nami naona upole huo haukufaa kitu, maadamu itikadi yenyewe inazidi kuenea na watu wenye akili timamu wanazidi kupoteza mali zao kwa kuitegemea. Basi leo nakusudia kuieleza kwa urefu, ili ijulikane yakini kwamba kipimo hicho, kwa jinsi kinavyotumiwa, hakimjulishi mtu kama kampuni ni nzima au i mahututi.

Anayesoma safu hii anaijua mizania, kwa hiyo sitamrudisha chuoni. Uwiano unaozungumzwa hupatikana kwa kuchukua mali za muda mfupi, yaani fedha taslimu, madai kwa wateja na bidhaa zilizo ghalani, na kuzigawanya kwa madeni yanayopasa kulipwa ndani ya miezi 12. Wenye itikadi hii husema kwamba kila shilingi 1 ya deni ikiwa na shilingi 2 za mali nyuma yake, kampuni ni salama. Na pungufu ya hapo, ni ya kuogopwa.

Asili ya kanuni hii peke yake ingetosha kumzindua mwenye kutaamali. Ilizuka Marekani mwishoni mwa karne ya 19 miongoni mwa mabenki yaliyokuwa yakiwakopesha wafanyabiashara kwa miezi michache, na hoja yao ilikuwa nyepesi, na ya haki kwa shughuli yao: iwapo mkopaji atafilisika na mali zake zikanadiwa kwa nusu ya thamani iliyoandikwa daftarini, basi aliye na mali maradufu ya madeni yake ataweza kuwalipa wadai wote bila ya kubakisha. Msomaji alitazame vizuri jambo lililokuwa likiulizwa hapo. Benki ilikuwa ikiuliza itapata nini mnadani siku mkopaji wake atakapokuwa amekwisha kuanguka. Kama ataanguka, na lini, na kwa sababu gani, hayo kanuni hiyo haikuyagusa. Mwanahisa, ambaye siku ya mnada husimama nyuma ya wadai wote na aghalabu huondoka mikono mitupu, amekichukua kipimo kilichowekwa kwa kumlinda mtu mwingine akakifanya tegemeo lake. Na mapema mwaka 1919 Alexander Wall, Mmarekani aliyeshughulika na mambo ya mikopo, alichapisha uchunguzi wake wa hesabu za kampuni 981, akapima kwazo uwiano wa namna 7, akaonyesha jinsi viwango vinavyopishana baina ya biashara na biashara, na baina ya jimbo na jimbo. Zaidi ya karne moja imepita tangu ibainike kwamba hakuna kiwango kimoja cha kila biashara, na bado naulizwa habari za mbili kwa moja.

Tuingie sasa katika hesabu yenyewe. Chukua kampuni yenye mali za muda mfupi za shilingi milioni 300 na madeni ya muda mfupi ya shilingi milioni 200. Uwiano wake ni 1.5, na kwa itikadi hiyo ni kampuni ya kutiliwa shaka. Siku moja kabla ya kufunga hesabu za mwaka, mhasibu wake anatoa milioni 100 benki na kuwalipa wadai. Mali zimebaki milioni 200, madeni yamebaki milioni 100, na uwiano umepanda ukawa 2 kamili. Hakuna bidhaa iliyouzwa wala faida iliyoingia, na fedha taslimu, ambayo ndiyo kinga ya kwanza ya kampuni yoyote, imepungua kwa milioni 100. Walakini mwenye kuishika kanuni atatangaza kwamba kampuni imepona usiku mmoja. Kisha chukua nyingine, yenye mali za milioni 150 na madeni ya milioni 200, uwiano 0.75, ambayo nayo kwa uaminifu wake inalipa madeni ya milioni 100: zitabaki mali za milioni 50 mbele ya madeni ya milioni 100, na uwiano utateremka hadi 0.5. Tendo ni moja, la kulipa deni, nalo linaiinua kampuni ya kwanza na kuishusha ya pili, kwa sababu tu moja ilikuwa juu ya 1 na nyingine ilikuwa chini yake. Mkurugenzi anayeijua hesabu hii, na akajua pia kwamba wanahisa wake hutazama tarakimu hiyo peke yake, hahitaji kughushi hata mstari mmoja ili kuwaridhisha. Hungoja mwisho wa mwaka ukaribie, akalipa.

Hiyo ni hila, na hila huweza kuchunguzwa ikafichuliwa. Kosa lililo kubwa zaidi limo ndani ya kipimo chenyewe, nalo ni kwamba maradhi ya biashara ndiyo yanayokipandisha. Bidhaa zisiponunuliwa zikarundikana ghalani, mali za muda mfupi huongezeka daftarini. Wateja waliochukua mali kauli wasipolipa, madai huongezeka, nayo yataendelea kuhesabiwa kuwa mali mpaka siku itakapokubaliwa kwamba hayalipiki na kufutwa. Na kampuni iliyoishiwa fedha ikichukua mkopo wa miaka 5 ili ilipe madeni ya mwezi huu, madeni ya muda mfupi hupungua na uwiano hupaa, hali mzigo uko pale pale, na riba imewekwa juu yake. Mambo hayo matatu, bidhaa zisizotoka, wateja wasiolipa na mkopo wa kulipia mkopo, ni dalili ambazo kila mwenye duka Kariakoo au Biashara Street anazijua kuwa ni za kufilisika, na zote tatu huufanya uwiano uonekane mzuri zaidi. Kipimo kinachompongeza mtu kila anapozidi kuugua hakifai kuitwa kipimo cha siha.

Anayedhani kwamba nazungumza nadharia tupu na aisome habari ya W. T. Grant, kampuni ya maduka iliyoanzishwa Massachusetts mwaka 1906, ikakua mpaka ikawa na maduka zaidi ya 1,000 katika Marekani. Katika miaka ya mwisho ya 1960 na ya mwanzo ya 1970 ilifungua maduka mapya kwa mamia, na ili yapate wateja ikagawa kadi za kununulia kwa mkopo bila ya kuwachuja vya kutosha waliopewa. Ilitangaza faida mwaka baada ya mwaka, ikaendelea kugawa gawio mpaka 1974, na mwaka 1973 wanunuzi walikuwa radhi kuilipia hisa yake bei iliyokaribia mara 20 ya faida ya hisa hiyo. Oktoba 1975 ilikimbilia mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai, na mwaka uliofuata haikuwapo tena. Wataalamu wa uhasibu James Largay na Clyde Stickney walipozirudia hesabu zake na kuzichapisha mwaka 1980, walionyesha kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka 10 iliyotangulia anguko hilo, shughuli za kampuni zilikuwa zikila fedha badala ya kuzileta, na pengo likizibwa kwa mikopo. Faida ilikuwapo karatasini kwa kuwa bidhaa ziliandikwa kuwa zimeuzwa. Fedha haikuwapo kwa kuwa waliouziwa walikuwa hawajalipa. Na madai hayo, yaliyokuja kuiua kampuni, yalikuwa yamekaa mizaniani miaka yote ile upande wa mali, yakihesabiwa ndani ya uwiano.

Ukitaka kuuona upande wa pili wa jambo, watazame wale wasioifikia mbili kwa moja na walio wazima. Walmart, ambayo kwa mauzo ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa duniani, kwa miaka mingi imekuwa na mali za muda mfupi zilizo pungufu ya madeni yake ya muda mfupi, na hiyo ni nguvu yake, kwani mteja hulipa taslimu leo, na msambazaji hungoja malipo yake baadaye. Safaricom ya Kenya nayo imefunga hesabu za miaka kadhaa ikiwa na uwiano ulio chini ya 1, huku ikitangaza faida ya mabilioni ya shilingi, kwa sababu mteja wake hununua muda wa maongezi kabla ya kuzungumza, na fedha huingia kila saa ya mchana na ya usiku. Mwanahisa aliyeshika kanuni yake angezikimbia kampuni zote mbili na kwenda kuitafuta ile yenye ghala lililojaa vumbi.

Na wanazuoni hawakulinyamazia jambo hili. Mwaka 1966 William Beaver alizilinganisha kampuni 79 zilizoanguka na nyingine 79 zilizosalimika, akazipima kwa uwiano wa namna 30, na kilichowatenganisha wazima na wagonjwa kwa ubora zaidi ya vyote kilikuwa uwiano wa fedha inayotokana na shughuli kwa jumla ya madeni; huu unaopendwa na watu ulibaki nyuma. Miaka miwili baadaye Edward Altman, aliyetaka kupata tarakimu moja ya kubashiria kufilisika kwa kampuni za viwanda, alilazimika kuunganisha uwiano wa namna 5 ili aipate. Mizania ni habari ya siku moja, na nahodha anayetaka kujua kama chombo chake kitapita mlango wa bandari hapimi kina wakati wa maji kujaa akaridhika, bali huuliza yatakuwaje maji yakipwa.

Wenye hisa za mabenki na wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, ambao ndio wanaoniuliza zaidi, wajue kwamba kwao suala hili halina hata mahali pa kusimama, kwani amana ni deni ambalo mwenyewe anaweza kulidai, na mikopo iliyotolewa ndiyo bidhaa ya taasisi. Wao waulize habari za mikopo chechefu, ambayo Benki Kuu ya Tanzania inataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote ya benki, na waulize habari za mtaji na za ukwasi, ambao sheria ya Kenya inayataka mabenki yawe nao kwa asilimia 20 isiyopungua.

Yaliyobaki kwa kampuni nyingine ni machache, nami nayataja kwa haraka. Weka fedha iliyotokana na shughuli kando ya faida, kwa miaka 5 mfululizo; faida ikipanda na fedha isipande, simama hapo hapo. Gawanya madai kwa mauzo ya mwaka, uzidishe kwa 365, upate siku ambazo wateja huchukua kabla ya kulipa. Zikiongezeka kila mwaka, kampuni inawauzia wasioweza kulipa. Gawanya bidhaa za ghalani kwa gharama ya bidhaa zilizouzwa, uzidishe vivyo hivyo, nawe utajua mali hukaa siku ngapi. Gawanya faida ya kabla ya riba na kodi kwa riba yenyewe. Ikiwa chini ya 1, kampuni haipati hata riba ya wakopeshaji wake. Pima madeni yote kwa mtaji wa wenyewe, na ulinganishe kampuni na wenzake wa biashara ile ile, si kiwanda cha saruji na duka la vyakula. Soma maelezo yaliyo nyuma ya hesabu na maoni ya mkaguzi, hasa anapozungumzia uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake. Wala usiridhike na faida iliyotangazwa peke yake: Carillion, kampuni ya ujenzi ya Uingereza, ilitangaza faida ya kabla ya kodi ya karibu pauni milioni 147 kwa mwaka 2016. Januari 2018 ilianguka ikiwa na pauni milioni 29 za fedha taslimu mbele ya madeni na dhima zilizokaribia pauni bilioni 7.

Basi nawasihi wenye hisa waliache suala la mbili kwa moja tangu leo. Katika mkutano mkuu ujao na asimame mmoja wenu aulize shughuli za kampuni zimeleta fedha kiasi gani katika kila mwaka wa miaka mitano iliyopita, na kwa sababu gani kiasi hicho kimepishana na faida iliyotangazwa. Mkurugenzi wa kampuni iliyo nzima atalijibu suala hilo papo hapo, kwa kuwa yeye mwenyewe hujiuliza kila mwezi. Na asiyeweza kulijibu, msimkabidhi fedha zenu.