Gari Kuukuu Hudumu Likitunzwa

Gari la kijiji hubeba alizeti yako. Siku nyingine hubeba mgonjwa. Likiharibika njiani usiku, mgonjwa atafikaje hospitali?

Kila asubuhi, kabla ya kuliwasha, liweke mahali tambarare. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Kifute, kirudishe, kisha kichomoe tena usome. Oili ikipungua, ongeza.

Vumbi la Singida hula injini. Wakati wa kiangazi, safisha chujio la hewa mara kwa mara.

Tia maji safi kwenye rejeta. Usichote maji ya ziwa Singidani wala Kindai. Yana chumvi, na chumvi hula chuma. Rejeta ikiwa ya moto, usiifungue. Mvuke utakuunguza.

Kumbuka: usipoziba ufa, utajenga ukuta.