Ugonjwa wa Castleman

Ugonjwa wa Castleman ni kundi la magonjwa nadra ambayo husababisha tezi za limfu kuvimba kwa sababu seli zake huongezeka kupita kiasi. Si saratani, lakini baadhi ya aina zake huweza kuua zisipotibiwa. Jina linatokana na Benjamin Castleman, daktari wa patholojia wa Boston, Marekani, aliyeueleza katika miaka ya 1950.

Utambuzi

Homa, kutokwa jasho usiku, kukonda na kuvimba tezi ni dalili zinazopatikana pia katika kifua kikuu na limfoma (saratani ya limfu). Kwa hiyo dalili peke yake hazitoshi. Tezi moja hukatwa, ikiwezekana nzima, na kuchunguzwa kwa darubini. Picha za CT huonyesha ni sehemu ngapi za mwili zimeathirika. Damu hupimwa kutafuta VVU na virusi vya herpesi vya binadamu aina ya 8 (HHV-8).

Aina na matibabu

1. Aina ya sehemu moja. Uvimbe huwa mahali pamoja, mara nyingi kifuani, shingoni au tumboni. Wagonjwa wengi hawasikii lolote, na uvimbe hugunduliwa kwa bahati. Ukiondolewa wote kwa upasuaji, kwa kawaida mgonjwa hupona.

2. Aina ya sehemu nyingi yenye HHV-8. Huwapata hasa watu wanaoishi na VVU. Virusi hivyohivyo husababisha sarakoma ya Kaposi, inayojulikana sana Afrika Mashariki, na mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili. Dawa kuu ni rituksimabu, pamoja na ARV kwa mwenye VVU. Kwa kuwa rituksimabu huweza kuzidisha sarakoma hiyo, mwenye sarakoma huongezewa dawa za kemotherapi.

3. Aina ya sehemu nyingi isiyojulikana chanzo. Mara nyingi mwili hutengeneza kwa wingi protini iitwayo interleukini-6, inayoleta homa, upungufu wa damu na uvimbe wa mwili. Siltuksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, huizuia protini hiyo. Imeidhinishwa kwa wasio na VVU wala HHV-8.

Katika aina mbili za mwisho, kuondoa tezi moja hakuponyi, kwa sababu ugonjwa umeenea mwilini. Ndiyo maana aina hutambuliwa kwanza, kisha matibabu huchaguliwa.