Kwa nini betri za magari ya kulalia hufa kabla ya wakati

MAGARI ya safari yenye vitanda na jokofu, ambayo hukodishwa Nairobi na Arusha kwa wageni wapendao kulala mbugani, hubeba betri mbili. Moja huwasha injini. Nyingine, betri ya nyumba, huhudumia taa, jokofu na pampu ya maji injini ikiwa imezimwa. Hiyo ya pili ndiyo hufa mapema, na mara nyingi haiuawi na uzee bali na njaa.

Betri ya kuwashia ina mabamba membamba ya risasi, yanayotoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Ya nyumba, ambayo wengi huiita betri ya sola, ina mabamba manene yanayostahimili kazi ya saa nyingi. Kuweka ya kwanza mahali pa ya pili kwa kufuata bei ni kujitafutia gharama mara mbili.

Betri ya risasi inapotumika, mabamba yake hufunikwa na salfeti. Ikichajiwa upesi, salfeti hiyo huondoka. Ikiachwa siku nyingi bila chaji, huganda ikawa fuwele ngumu, na uwezo wa betri hupungua. Ndiyo maana hushauriwa isitumiwe kupita nusu. Iliyojaa, baada ya kupumzishwa saa chache, husoma volti 12.7 hivi, ikisoma 12.2, imebaki nusu.

Hesabu yake ni nyepesi. Jokofu dogo linalovuta ampea 4 na kufanya kazi saa 12 kati ya 24 hutumia ampea-saa 48. Betri ya ampea-saa 100, basi, hutosha siku moja tu. Mwendo mfupi wa gari hauijazi, kwa kuwa sehemu ya mwisho ya chaji huingia polepole. Paneli ya sola juu ya paa, au chaja ya umeme wa nyumbani gari lirudipo, ndiyo huikamilisha.

Betri yenye vifuniko hukaguliwa kila mwezi. Kinachopotea ni maji, hivyo huongezwa maji yaliyosafishwa, kamwe si tindikali. Iliyozibwa kiwandani haifunguliwi. Isikae karibu na injini, kwani joto huifupishia maisha, na chumba chake kiwe na tundu la hewa: wakati wa kuchaji hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja.

Betri inayojaa jioni na kushuka alfajiri ingawa haikutumika imekwisha. Wakati wa kuibadilisha, waya wa hasi hutangulia kufunguliwa na huwa wa mwisho kufungwa. Zikiwa mbili zilizounganishwa, hubadilishwa zote, maana iliyochoka huidhoofisha mpya. Anayechagua betri ya lithiamu hupata nyepesi na ya kudumu zaidi, lakini lazima atumie chaja inayoifaa.

Iliyokufa haitupwi jalalani wala kuvunjwa uani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walipata sumu ya risasi kutoka kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu jirani na makazi yao, na watoto walikuwa miongoni mwa walioathirika. Betri kuukuu irudishwe kwa muuzaji anayezipokea, ikiwa nzima na tindikali yake ndani.